Kisa cha Atieno: sindano ya tumboni au tone la kisigino?

Atieno alifika kliniki ya wajawazito hapa Kisumu mimba ikiwa na wiki 14. Mkobani alikuwa na picha ya ultrasaundi, na kabla hata hajapimwa presha aliitoa akaniuliza, "Sista, si hii imeonyesha mtoto hana sikoseli?"

Jina si lake. Yeye na mumewe, ambaye nitamwita Ouma, wameniruhusu kusimulia kisa hiki, na mambo ya kuwatambulisha nimeyabadilisha. Nakiandika kwa sababu swali lake naliulizwa mara nyingi, na kwa sababu wanandoa hawa walipitia karibu kila njia panda ambayo wazazi wa kanda ya ziwa hukutana nayo: kipimo kisichojibu swali, kipimo kinachojibu lakini kwa gharama, na kipimo rahisi ambacho hakuna aliyewatajia.

Nianze na ile picha. Walioipiga walimwambia mtoto yuko salama, na kwa yale waliyoyatazama walisema kweli: mimba ilikuwa moja, imekaa ndani ya mfuko wa uzazi, moyo unadunda, umri unalingana na tarehe ya hedhi yake ya mwisho. Lakini Atieno alikuwa amelipa pesa za omena za wiki nzima ili ajue jambo ambalo picha haiwezi kuliona, hata ingepigwa wiki ya 20 na mtaalamu bora kuliko wote. Sikoseli, yaani selimundu, haina alama kwenye mifupa wala kwenye moyo wa mtoto aliye tumboni. Ni badiliko dogo mno katika maagizo ya kutengeneza himoglobini, ile protini inayobeba oksijeni ndani ya seli nyekundu za damu. Seli zenye himoglobini hiyo zikipungukiwa na oksijeni hujikunja mithili ya mundu, zikaziba mishipa midogo na kufa mapema. Jambo hilo lajulikana kwa kupima damu au vinasaba tu. Kabla ya kukubali kipimo chochote, mama ana haki ya kuuliza: hiki kinaangalia nini hasa, na kinaacha nini? Atieno hakuwahi kuambiwa kwamba swali hilo lipo.

Nikamuuliza kwa nini anawaza sikoseli. Akanieleza habari za Baraka, mwanawe wa kwanza, wa miaka mitatu. Alipokuwa na miezi minane mikono na miguu ilimvimba akalia usiku kucha. Baadaye macho yakawa yanageuka manjano mara kwa mara. Aliongezwa damu mara mbili, mara ya mwisho ikiwa wiki tano tu kabla ya siku hiyo. Katika kitabu chake cha mama na mtoto kulikuwa na maneno mawili ya kalamu: "sickling positive". Hakuna aliyemkalisha mama huyu akamweleza maana yake. Alichokumbuka ni kwamba "damu yake ni kidogo."

Hapa kuna jambo ambalo huwapotosha hata baadhi yetu tuliosomea kazi hii. Kipimo kile kilichoandikwa kwa kalamu huonyesha tu kwamba himoglobini S ipo katika damu. Hakisemi kama mtoto ameirithi kutoka kwa mzazi mmoja, akawa mbebaji tu mwenye AS (A ni himoglobini ya kawaida), au kutoka kwa wazazi wote wawili, akawa mgonjwa mwenye SS. Kutenganisha hayo mawili kunahitaji elektroforesisi, kipimo cha maabara kinachotenganisha aina za himoglobini, au vile vipimo vipya vya haraka vinavyotaja A na S kila moja peke yake. Dalili za Baraka zilitosha kabisa kutufanya tumtibu kama mwenye SS, na siku hiyohiyo tulimwandikia rufaa ya kliniki ya watoto wenye sikoseli. Lakini kwa uamuzi mzito kuhusu mimba iliyopo, nilitaka uhakika, si makisio.

Wazo la kwanza lilikuwa kumpima Baraka upya. Kama ni SS, basi mama na baba wote ni wabebaji, na hakuna haja ya kumbembeleza mtu mzima atoe damu. Kikwazo kilikuwa ile damu aliyoongezwa. Damu ya mtu mwingine huzunguka mwilini mwa mtoto kwa wiki nyingi. Ukimpima wakati huo utaona himoglobini A ya aliyeitoa, na mtoto mwenye SS ataonekana kama AS. Ni lazima kungoja kama miezi mitatu. Mimba ingekuwa imefika wiki ya 22 au zaidi, na baadhi ya milango ingekuwa imefungwa. Kwa hiyo njia ikarudi kwa wazazi wenyewe.

Atieno alipimwa siku hiyo pamoja na vile vipimo vya kawaida vya kliniki: wingi wa damu, kundi la damu na rhesus, virusi vya UKIMWI, kaswende, mkojo. Sikoseli haikuwamo katika orodha ile, ilibidi iombwe. Jibu likawa AS. Nilimwambia, nikarudia, kwamba AS si ugonjwa: angebeba mimba yake na kuzaa kama mwanamke mwingine yeyote, isipokuwa mkojo wake ungefuatiliwa kwa makini kidogo, maana wabebaji hupata maambukizi ya njia ya mkojo kwa urahisi zaidi wakiwa wajawazito.

Akabaki Ouma.

Ouma ni fundi wa pikipiki, mtu mpole, lakini alikataa. "Kwetu hakuna ugonjwa huo," alisema. Nyuma ya maneno yake alikuwa mama yake, ambaye aliamini kwamba Baraka amepatwa na chira, laana ya kuvunja mila, kwa kuwa kuna mila iliyorukwa wakati wanandoa hawa walipohamia nyumba yao. Mtu akisikia hivyo anaweza kukimbilia kumbishia mzee. Mimi siamini kwamba ubishi huo humsaidia mjamzito; unampeleka nyumbani akiwa na vita viwili badala ya kimoja. Nilimwomba Atieno aje na mama mkwe wake katika ziara iliyofuata, kama angekubali. Akakubali.

Nilimuuliza mama yule swali ambalo nawauliza bibi wote: "Mama, watoto wako wote walikua?" Akanyamaza kidogo, kisha akasema hapana. Kule Seme alizika wawili, wote kabla ya kufikisha miaka mitano. Mmoja alikuwa anavimba vidole. Mwingine macho yalikuwa ya manjano "kama yai." Hospitalini waliambiwa ni malaria, na huenda kweli malaria ndiyo iliyowamalizia, kwani mtoto mwenye SS akipata malaria huishiwa damu haraka sana.

Nikamweleza kwa nini ugonjwa huu umekita mizizi kando ya ziwa. Daktari Anthony Allison, aliyekulia hapa Kenya, alizunguka mwaka 1949 akipima damu za watu, akaona kwamba wabebaji ni wengi pwani na kanda ya ziwa, na ni wachache nyanda za juu zenye baridi. Mwaka 1954 alichapisha ushahidi kwamba mwenye AS hukingwa dhidi ya malaria kali. Kwa vizazi vingi, mtoto aliyerithi S moja alipona pale mwenzake alipokufa, naye akakua, akaoa, akairithisha. Nilimwambia mama yule: "Hii ilikuwa ngao ya wazee wenu dhidi ya mbu. Shida huja ngao mbili zinapokutana katika mtoto mmoja." Hakusema ameacha kuamini chira, wala sikumtaka aseme. Alichotaka kusema alimwambia mwanawe jioni ile, na Ouma akaja wiki iliyofuata mwenyewe, na ovaroli yake ya gereji.

Kabla ya kumtoa damu nilizungumza na kila mmoja wao faraghani. Kipimo cha wazazi kinaweza kufichua mambo ambayo hayakuulizwa: kama mtoto ana SS na baba akaonekana AA, nyumba inaweza kuvunjika pale kliniki. Mtu anayekubali kupimwa anastahili kulijua hilo mapema, na mama zaidi ya wote, kwa sababu yeye ndiye atakayelipa. Wote wawili walisema tuendelee. Ouma alikuwa AS. Mimba ilikuwa na wiki 17.

Jibu hilo lilileta hesabu, na hesabu hii watu huikosea sana. Ouma aliposikia kwamba uwezekano wa mtoto mwenye SS ni mmoja kati ya wanne, uso ulimng'aa: "Basi huyo mmoja ni Baraka. Watatu wanaofuata ni wazima." Nilitoa shilingi mbili mfukoni. Moja yako, moja ya mkeo. Kila moja ina upande wa A na upande wa S. Kila mimba, zinarushwa upya, na hazikumbuki zilivyoanguka mara ya kwanza. S na S zikiangukiana, mtoto anaugua. A na A, hana kitu. Moja hivi na nyingine vile, ambayo ni nusu ya mara zote, mtoto ni mbebaji kama nyinyi. Alizirusha mwenyewe mezani mara kadhaa, na mara mbili mfululizo zikaanguka S na S. Hakucheka. Nadhani aliielewa vizuri kuliko ambavyo ningeweza kuieleza.

Sasa ndipo uamuzi wenyewe ulipofika. Mtoto aliye tumboni anaweza kupimwa. Kuanzia wiki ya 11 hadi ya 14 huweza kuchotwa kipande kidogo cha kondo la nyuma. Muda huo ulikuwa umepita. Kuanzia wiki ya 15 huchotwa maji ya uzazi kwa sindano ndefu inayopitishwa tumboni, daktari akiongozwa na ultrasaundi, kisha vinasaba vya mtoto vinapimwa maabara. Jibu lake ni la kuaminika. Gharama zake ni hizi: safari ya Nairobi, pesa nyingi kwa fundi wa pikipiki na muuza omena, na hatari ndogo ya mimba kutoka kwa sababu ya sindano, chini ya mimba moja katika kila mia. Nilitaja namba hiyo kama ilivyo. Neno "hatari ndogo" peke yake halitoshi, kwa kuwa kila mtu hulipimia kwa kibaba chake.

Ouma aliitaka sindano. Alisema kama jambo linaweza kujulikana, kwa nini walale gizani miezi mitano? Atieno alitazama sakafu. Faraghani aliniambia hangeitoa mimba hii kwa jibu lolote, na kwamba akiipoteza kwa sababu ya sindano hatajisamehe.

Ilinibidi kugusia sheria, kwa kuwa Ouma alikuwa ameuliza kwa mafumbo. Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 26(4), hairuhusu utoaji mimba isipokuwa pale ambapo, kwa maoni ya mtaalamu wa afya aliyefunzwa, kuna haja ya matibabu ya dharura, au uhai au afya ya mama iko hatarini, au kama sheria nyingine iliyoandikwa inaruhusu. Ugonjwa wa mtoto peke yake haukutajwa humo. Niliwaeleza hayo bila kuongeza maoni yangu, nikawauliza kila mmoja: jibu likija SS, kesho yake mtafanya nini ambacho hamngefanya bila kulijua?

Hilo ndilo swali ninalolisimamia katika kazi hii, na sikuliuliza ili kumshinda Ouma. Kuna wazazi ambao jibu lao lingekuwa refu na la maana: kuhamia karibu na hospitali, kuandaa akiba, kuandaa moyo, au kuchagua njia nyingine mahali ambapo sheria inaruhusu. Kwao sindano ina thamani. Atieno, kwa upande wake, alisema kila alilotaka kulifanya lingeanza mtoto akishazaliwa. Na hapo ndipo nilipowaeleza kipimo cha tatu, tone la damu kisiginoni, siku za mwanzo za maisha. Halina hatari kwa mtoto, halihitaji Nairobi, na linatoa jibu mapema vya kutosha, kwa sababu tiba ya kwanza ya mtoto mwenye SS huanza akiwa na miezi miwili au mitatu hivi.

Walikwenda nyumbani wakazungumza. Waliporudi walikuwa wamekubaliana kuacha sindano. Ouma alisema wazi kwamba bado angependa kujua, lakini mwili si wake. Niliiandika kauli hiyo katika faili kama alivyoisema.

Miezi iliyofuata haikuwa na mengi. Atieno alimeza vidonge vyake vya madini ya chuma na foliki, alipewa dawa ya kuzuia malaria ya wajawazito mbele yetu kila mwezi, alilala ndani ya neti. Jambo moja nilisisitiza: asiongeze vidonge vya foliki vya miligramu 5 kutoka duka la dawa, ambavyo jirani alimshauri "kwa ajili ya damu," kwa sababu kiwango hicho hupunguza nguvu ya ile dawa ya malaria. Kile kilichomo ndani ya vidonge vya kliniki kinatosha. Baraka naye, miezi mitatu ilipotimia, alipimwa kwa elektroforesisi. SS. Alianzishiwa haidroksiyurea, dawa ambayo utafiti uliofanyika katika nchi nne za Afrika, Kenya ikiwamo kupitia Kilifi, ulionyesha kwamba hupunguza maumivu, haja ya kuongezwa damu, malaria na hata vifo vya watoto hawa.

Katika wiki ya 34 tuliandika mpango wa kuzaa. Mipango mingi ninayoiona hutaja hospitali, gari na nguo za mtoto, basi. Wa Atieno ulikuwa na sentensi ya ziada, kwa mwandiko wake mwenyewe, kwenye ukurasa wa mbele wa kitabu: mtoto apimwe sikoseli kwa kipimo kinachotenganisha A na S, si kile cha kuonyesha tu kama S ipo.

Sentensi hiyo ilifanya kazi. Alijifungua salama kwa njia ya kawaida, usiku, mtoto wa kike wa kilo 3.1, katika kituo ambacho sitakitaja. Asubuhi alipoomba kipimo, aliletewa kile cha zamani, kikarudi na jibu "hana." Mama mwingine angeondoka akimshukuru Mungu. Lakini mtoto mchanga bado ana himoglobini ya tumboni kwa wingi, na S yake ni kidogo mno. Kwa kipimo kile, jibu la "hana" kabla ya miezi sita halina maana yoyote. Atieno alifungua kitabu, akaonyesha maandishi yake, akasema kwa upole, "Sista, si hiki. Ni kile kingine." Muuguzi wa zamu, nampongeza, hakukasirika. Alitafuta mtu wa maabara, tone likachukuliwa tena kisiginoni.

Kulikuwa na S. A haikuwepo.

Mtoto, ambaye nitamwita Neema, alianza penisilini alipofikisha miezi miwili, asubuhi na jioni, na ataendelea nayo hadi miaka mitano. Alipata chanjo ya nimonia katika wiki ya 6, 10 na 14, ambayo kila mtoto nchini hupewa tangu 2011 lakini kwa mwenye SS ni uhai wenyewe, kwa kuwa bandama yake hushindwa kupigana na vijidudu hivyo mapema sana. Ana dawa ya kila siku ya kuzuia malaria. Chanjo ya malaria, ile iliyozinduliwa Homa Bay Septemba 2019, ataanza akiwa na miezi sita, na wakati huohuo damu yake itapimwa tena kuthibitisha jibu la kwanza. Atieno na mama mkwe wake wote wawili wamefundishwa kupapasa tumbo upande wa kushoto chini ya mbavu, ili bandama ikivimba ghafla wamkimbize mtoto hospitali, na wanajua kwamba homa kwa mtoto huyu haingoji asubuhi wala panado. Baraka hakupata nafasi hiyo. Yeye alifika na vidole vilivyovimba na damu imeisha.

Je, uamuzi wa kuacha sindano ulikuwa sahihi? Mwenzangu mmoja aliniambia kwamba kwa kuwa mtoto ametokea SS, basi ningepaswa kuwasukuma waende Nairobi. Sikubaliani naye. Penisilini ingeanza mwezi uleule. Chanjo zingekuwa zilezile. Uamuzi haupimwi kwa jinsi shilingi zilivyoanguka baadaye. Hupimwa kwa kile waliokuwa wakiamua walichokijua siku ile na kwa kile walichokithamini. Atieno alijua vyote vilivyojulikana.

Hata hivyo Ouma aliniambia jambo ambalo silichukulii kirahisi. Alisema wiki ile ya jibu, mkewe akiwa bado ana maumivu ya kujifungua na maziwa hayajashuka vizuri, ndiyo wiki aliyolia kuliko zote, na kwamba angependa kulia mapema zaidi, wakati ana nguvu za kumshika mkewe. Hiyo ni gharama halisi ya njia waliyoichagua, na mimi sikuwa nimewaeleza wazi kwamba jibu linaweza kuja katikati ya uchovu wa uzazi. Sasa nalieleza, na pale wazazi wanapokubali, tunapanga mapema nani atakuwepo siku ya jibu na kama mama angependa aambiwe wodini au katika ziara ya kwanza baada ya kwenda nyumbani.

Katika ziara ya wiki ya sita waliuliza kuhusu mtoto wa tatu. Wanamtaka, lakini si sasa. Atieno alichagua kijiti cha mkononi. Kuwa AS hakumzuii kutumia njia hiyo. Nimewaambia kwamba wakikitoa waje kliniki mara tu Atieno atakapokosa hedhi, si wiki ya 14, ili kama safari hii Ouma bado anataka kujua mapema na Atieno yuko tayari, kipimo cha kondo kiwe bado kinawezekana na pesa ziwe zimetengwa. Mdogo wake Ouma anaoa Desemba. Mama yao ndiye aliyempigia simu amwambie apimwe kwanza, yeye na mchumba wake, na wamepangiwa kuja Alhamisi.